Kutoka Mlangoni Hadi kwa Transfoma

Maitu,

Watu huanza barua kwa kuulizana afya. Yako naijua, maana asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni kama mtu asiye na safari. Yangu tutaifikia, usinikimbize. Sasa ni saa kumi jioni, nami nimekaa kwenye kile kiti changu cha karibu na mlango. Wewe uko Thika unasukwa nywele, na shangazi yako amesema hamtarudi kabla ya giza. Muda huo unanitosha.

Nikimaliza nitaitia barua hii kwenye mfuko wa ndani wa lile koti zito la mitumba. Najua hutalivaa hadi ushuke Ujerumani na baridi ikushike. Nataka uisome ukiwa umeshafika, na sababu utaiona huko mbele.

Sina maagizo ya kukupa. Shangazi yako amekupa ya mwaka mzima, na mengine ameyarudia. Sanduku lako limepimwa mara tatu kwa mizani ya viazi ya Mama Asha, na mara ya tatu mkatoa unga wa wimbi mkabakiza majani ya chai. Hayo yako sawa. Mimi nataka kukuambia habari za kutembea, na sisemi kusafiri. Nasema ule mwendo mdogo wa kutoka mlangoni hapa hadi kwa transfoma ya umeme na kurudi, ambao wewe umekuwa ukinitembeza kila siku tangu walipokata kidole changu cha mguu.

Najua utacheka. Mtu avuke bahari, afungue barua ya baba yake, akute anaelezwa njia ya kwenda kwa transfoma. Cheka tu. Lakini hakuna jambo lingine ambalo nimelikosea mara nyingi hivi, tena nikilikosea kwa mapenzi, na sitaki ulirithi.

Miaka ishirini na sita niliendesha lori la mawe ya kujengea, kutoka machimbo ya upande wa Juja hadi kila ploti iliyokuwa ikiinuka Ruiru. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba nimejenga nusu ya Ruiru bila kuikanyaga. Ilikuwa kweli. Nilifika, vijana wakashusha mawe, nami nikakaa juu mle ndani na gazeti langu. Nikitaka maziwa ya chai ya jioni, na duka unalijua lilikuwa wapi, mtoto angetambaa akafika, mimi niliwasha lori. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniambia siku moja, "Baba Nyambura, wewe tutakuzika na usukani." Nikacheka sana, na kesho yake nikawasha lori tena.

Lazima uelewe kwamba kwetu sisi tuliokulia Kalimoni bila viatu, kutembea kulikuwa ndiyo shida yenyewe. Shule tulitembea, maji tulitembea, hospitali ukifika nusu ya njia umeshapona au umekufa. Kwa hiyo mtu akipata gari, hata la kuajiriwa, anaona amemaliza deni la miguu. Nilipomwona mtu kando ya barabara na mfuko wake mkononi nilimhurumia. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyepaswa kunihurumia mimi.

Sasa nije kwa mwenye jina lako. Nimekuita Maitu tangu siku uliyozaliwa kwa sababu wewe ni mama yangu, umerithi jina lake, ndivyo desturi yetu ilivyo, na nikikukaripia huwa naona haya kidogo. Shosho yako, huyo mama yangu, unamkumbuka akiwa amekaa. Mimi namkumbuka akiwa amesimama, na hapo ndipo lilipo kosa langu.

Kule Kalimoni, kila asubuhi akishakunywa uji, alimimina chai yake, akaiacha mezani, akachukua fimbo ambayo hakuihitaji, akateremka shamba hadi mwisho wake. Pale mwisho palikuwa na matoka, yale maua ambayo wazee wetu walipanda kuonyesha ardhi ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi. Ni maua ambayo mtu mwenye akili timamu hayang'oi. Mama aliyatazama, akayagusa majani, akang'oa nyasi kidogo, akageuka. Alikuta chai bado ina moto. Huo ndio mwendo wote. Ukimuuliza anaenda wapi alisema, "Naenda kuona kama mpaka umelala salama."

Hatukuwa na kesi na mtu. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja kiziwi, mpole, ambaye asingehamisha hata kijiwe. Nikaona ni ugonjwa wa wazee, wa kuota usiku kwamba shamba limeliwa. Nikajiambia nikipata nafasi nitamwondolea mama wasiwasi huo.

Nafasi ikaja nilipokodi ile nyumba ya Ruiru, ghorofa ya tatu, wewe ukiwa na miaka minane. Kwetu mwanamume aliyefanikiwa anapimwa kwa jinsi mama yake anavyokaa. Mama akionekana na jembe, wanasema mwanawe ni wa bure. Akionekana kwenye kochi amefunikwa leso, wanasema huyo alizaa. Nami nilitaka isemwe kwamba alizaa. Nikaenda kumchukua na lori lenyewe. Wanaume watatu walimwinua hadi kiti cha mbele, na kilemba chake cheupe, kijiji kizima kikitazama, na nikapiga honi kuanzia getini hadi barabara ya lami.

Lakini kabla hajakubali kuja aliniuliza jambo moja. "Na mpaka, Karanja?"

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilileta mpimaji, akachimbia vigingi vya simiti kila pembe, juu yake nambari. Nikamshika mama mkono, nikamwonyesha. "Mama, huu sasa ni wa serikali. Hata ukilala mwaka mzima hauendi popote. Huna haja ya kuja kuutazama."

Akakitazama kigingi, akanitazama mimi. "Hauendi?"

"Hauendi, mama."

"Haya," akasema.

Wakati huo niliona nimemtua mzigo. Nilirudi kwa mama yako nikimwambia jinsi nilivyomaliza mambo, na nikajisifu wiki nzima.

Mwezi wa kwanza kule Ruiru, labda hukuliona hili kwa sababu ulikuwa shuleni, akimaliza uji aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akasimama pale ameshika komeo. Nikiwa nyumbani nilimuuliza, "Mama, unataka nini?" Alisema, "Sitaki kitu." Kwa hiyo nilimrudisha kwenye kochi taratibu, nikamwekea mto mgongoni, nikamwashia runinga. Nani angenilaumu? Ngazi ni za ghorofa tatu, na chini hakuna shamba, kuna magari na mtaro. Jumapili nilimpeleka kanisani kwa lori, na kanisa lenyewe tulilitazama kutoka dirisha la lori bila kushuka. Baada ya miezi sita hakuenda tena mlangoni. Baada ya mwaka wewe na mama yako ndio mliomshika kumpeleka choo. Miguu iliyolima Kalimoni miaka hamsini iliisha pale kwenye kochi langu, polepole, na hakuna siku hata moja ambayo ningeweza kusema ni leo imeisha. Mwalimu wetu alituimbisha haba na haba hujaza kibaba. Hakutuambia kwamba hata kumwagika huwa ni haba na haba.

Kuna siku aliniambia, "Karanja, nipeleke nikaone mpaka." Nilikuwa na safari mbili za mawe siku hiyo, na mwenye ploti aliyengoja mawe alikuwa akinipigia simu kila saa. Nikapitia Kalimoni. Nilishuka kwenye lori, Maitu, mimi mwenyewe nikashuka, nikateremka shamba, nikakipiga picha kile kigingi kwa simu. Jioni nikamwonyesha. "Si huu hapa, mama? Umelala salama."

Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akanirudishia. "Sawa, mwanangu." Hakuniomba tena.

Tulimzika kabla ya mvua iliyofuata. Pale makaburini watu walisimama mmoja mmoja kunisifu, kwamba Karanja alimweka mama yake vizuri, kwamba tangu alipomchukua hakushika jembe tena. Niliwashika mikono, nikasema asante. Nilikuwa na furaha ndani ya majonzi. Hiyo furaha ndiyo inayonitia haya kuliko yote.

Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, Thika, kwa daktari. Ulikuwa umeketi karibu yangu na faili. Kidole kilikuwa kimeshaondoka, na daktari alikuwa akichora mishipa ya mguu kwa kalamu, akisema damu haifiki chini, njia zimeziba kwa sukari na sigara na kukaa. Nikauliza dawa ni gani. Akasema vidonge hivi, na utembee. Nikasema, "Kutembea hadi wapi?" Akasema, "Popote. Dakika tano baada ya chakula. Mguu ukiuma simama, ukiacha endelea. Lakini kila siku, mzee, si siku ukijisikia." Nikatazama ile karatasi na nikamwona mama akiteremka shamba, na chai yake mezani. Alikuwa akijitibu. Mpaka ulikuwa kisingizio tu, alikuwa na akili ya kujipa mahali pa kwenda ili asubuhi isimkute amekaa. Nami nikamnyang'anya mahali pale, nikaweka simiti.

Sikukuambia siku ile. Ulifikiri nimenyamaza kwa ajili ya kidole.

Halafu si unakumbuka nilivyoanza? Sikutaka dakika tano. Dakika tano ni za wagonjwa, na mimi ni mtu wa lori la tani kumi. Nikanunua raba nyeupe, nikakuambia naenda Juja kwa miguu, nirudi kwa miguu. Nilifika Juja. Kurudi nilirudishwa na bodaboda, shavu la mguu limekaza, nikakaa siku tatu nikikuagiza maji ya moto, na zile raba bado ziko chini ya kitanda, karibu nyeupe vilevile, sijazivaa tena. Ndivyo tulivyo. Tukiambiwa jambo kubwa la mara moja tunaliweza, hata kama litatuua. Tukiambiwa dogo la kila siku tunaona tumedharauliwa.

Wewe hukubishana. Siku ya nne ulisimama pale mlangoni na malapa yako, ukasema, "Daddy, wacha story. Twende kwa transfoma."

"Kufanya nini?"

"Kuona kama bado iko."

Sijui kama uliniona nikigeuza uso. Hakuna aliyekuwa amekufundisha maneno hayo. Niliinuka nikavaa viatu, si kwa sababu ya daktari, ni kwa sababu aliyeniita alikuwa mama yangu.

Ile miezi tisa ya kutembea nawe nataka ujue ilikuwa nini kwangu, kwa sababu nilikuwa nikinung'unika njia nzima na huenda ulidhani nanung'unika kweli. Tukitoka getini, Mama Asha anaweka viazi kwenye debe, anasema, "Mzee, leo tena job?" nawe unamjibu, "Leo ni overtime." Kuna ule mtaro wa kuruka, ambao ulikuwa unavuka kwanza ili nione mahali pa kukanyaga. Kuna mbuzi wa yule jirani Mkamba, katikati ya njia. Halafu transfoma inanguruma juu ya nguzo zake, tunaigusa kwa macho, tunageuka. Hukunishika mkono hata siku moja. Ulitembea upande wa kushoto, karibu tu. Na mguu ulipobana, kabla sijasema kitu, wewe ulisimama, ukatoa simu, ukajifanya unasoma, ili watu wa mtaa wetu huu wa Witeithie wafikiri ni wewe uliyetusimamisha. Nilikuona. Kila mara nilikuona. Ni heshima ambayo sikumfanyia mama yangu, na mimi nilikuwa na lori.

Sasa niseme yale ya haya.

Zile siku ulizokuwa ukishinda Thika kwenye masomo ya Kijerumani, ulinipigia simu saa nane. "Daddy, umetembea?" Nikasema nimetembea. Ulikuwa na mtihani, nikasema tena nimetembea. Sikutembea, Maitu. Hata mara moja bila wewe sikufika kwa transfoma. Nilikaa kwenye kiti hiki nikitazama mlango, nikijiambia bado kidogo, hadi saa kumi. Ukikaribia kurudi nilichukua viatu, nikavisugua kwenye mchanga pale karibu na karo ya nje, nikaviweka mlangoni ili uone vumbi. Mzee wa miaka sitini na tatu anapaka viatu vumbi. Uliingia, ukavitazama, ukasema, "Safi sana."

Sijui kwa nini siwezi peke yangu. Nimejiuliza sana. Si uvivu tu, ingawa uvivu upo. Nadhani jambo kubwa watu hukuona ukilifanya, na usipolifanya wanauliza. Hili dogo hakuna anayeona likikosekana, na leo ukilikosa unaamka kesho mguu ni uleule. Kwa hiyo unasema kumbe haina neno. Mama naye alikosa siku moja, ikawa ni mimi niliyemkosesha, na kesho yake alikuwa mzima.

Na hili la pili. Jumanne iliyopita nilipotoka kwa daktari nikakukuta kivulini, uliniuliza amesemaje, nikakuambia amefurahi. Mficha maradhi kilio humfichua, najua, lakini acha kwanza nikufichulie mwenyewe. Hakufurahi. Aliweka vidole juu ya unyayo wa kushoto akatafuta damu inayopiga, akabadilisha mahali, akatafuta tena. Halafu akaniambia mguu huu sasa tunaununulia siku. Nikitembea kila siku bila kukosa, labda utafika mwakani. Nikikaa, wataukata chini ya goti, na watu wa sukari wakianza kukatwa huwa hawaishii hapo. Nikamwambia binti yangu anasafiri wiki hii na asiambiwe. Akasema, "Hiyo ni juu yako, mzee."

Ndiyo sababu unasoma haya ukiwa huko. Ungejua, usingeenda. Ungeirudisha ile viza, na ungekaa hapa Witeithie ukinitembeza hadi kwa transfoma, ukifika miaka thelathini, thelathini na tano, ukiwa fimbo ya mtu ambaye mguu utakatwa tu. Sikubali. Na ukirudi kwa sababu ya barua hii nitafunga geti nikwambie sikujui. Mimi na wewe tunajua naweza.

Nilikuudhi juzi mezani, tukizungumzia kazi yako ya kutunza wazee huko, niliposema, "Kwani wazungu hawana watoto wao?" Uliacha ugali ukaingia chumbani. Nilisema kwa wivu. Nilikuwa nikifikiria kwamba utaamka kila siku huko, umshike mzee wa mtu, umwambie twende, naye ainuke, na atakuwa mzee ambaye hajui hata jina lako linatoka kwa nani. Bado ninaona wivu, sitakudanganya katika hili pia. Lakini nisamehe lile neno. Wazee hao hawajanikosea.

Ila nakuomba kitu juu yao. Ukimpata mmoja anasema kila siku anataka kwenda kuona mti fulani, au mlango fulani, au kama posta imefunguliwa, usimweleze kwamba mti hauendi popote. Usimletee picha. Mvalishe koti umpeleke, hata kama ni hatua kumi. Wakubwa wako wakisema hakuna muda, mpeleke nusu.

Na wewe mwenyewe tembea. Si ule mwendo wa kazi, wa kukimbia kutoka chumba hiki hadi kile, huo ni wao. Utafute wako mdogo, usio na faida, uende na kurudi chai ikiwa na moto. Usiufanye mrefu ukifurahi na usiuache ukilia. Siwezi kukuahidi kwamba utakuokoa na lolote. Mama alitembea kila siku na bado mtoto wake akamkalisha. Lakini zile asubuhi za Kalimoni zilikuwa zake, na hakuna aliyeziondoa hadi nilipokuja mimi na mpimaji.

Kuhusu hapa nyumbani, najua mmepanga. Shangazi yako atanipigia simu kila siku saa nane. Mama Asha ameahidi kugonga geti akishafungua duka. Atagonga siku tatu, ya nne lori la viazi litakuja na atakuwa na haki ya kusahau. Shangazi nitamjibu kama nilivyokujibu wewe. Nimekaa na nafsi yangu tangu saa saba leo nikitafuta hata sehemu moja ndani yangu ambayo nitaiamini, na sijaipata. Nilijaribu hata leo, uliponiacha. Nilivaa viatu nikatoka. Zamani mguu ulianza kubana tukipita mbuzi. Siku hizi unabana getini, Maitu, kabla hata sijalifungua. Nilisimama pale nimeshika komeo. Hakukuwa na mtu wa kujifanya anasoma simu. Nikarudi.

Ilibidi niache kuandika hapo, kwa sababu umeingia.

Sasa ni saa mbili kasorobo. Umeingia na nywele mpya, zimekupendeza sana, uso wako umetoka wote, na paji lako ni la shosho yako kabisa. Nimeficha karatasi chini ya gazeti. Umesimama mlangoni hapo hapo, hujavua hata viatu. Umesema, "Daddy, bado kuna watu njiani. Twende ile ya mwisho?"

Nimefikiria geti. Nimefikiria kwamba tukifika pale nitasimama, nawe utatoa simu, halafu utahesabu hatua tulizotembea na utajua. Kesho saa nne, ndege yako ikiondoka, ungekuwa bado uko hapa, sanduku limefunguliwa.

Nikakuambia, "Nimeshaenda leo. Pumzika, una safari."

Umetazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi, mara hii la kweli, la kutoka mlangoni hadi getini. Ukasema, "Aya, poa. Safi sana, Daddy." Ukanishika bega ukaenda kufunga sanduku.

Mlango wa chumba chako uko hatua sita kutoka kwenye kiti hiki. Uko wazi, nasikia ukivuta zipu. Viatu bado ninavyo miguuni, na ningekuita sasa hivi ungekuja. Sijakuita.

Baba yako,
Karanja